Dakika Sabini za Kwanza: Ndege Ipi ya Kujiundia Inazifaa Tabora na Kigoma?

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni takriban kilomita 350 ukipita angani moja kwa moja. Ndege inayokwenda kilomita 130 kwa saa humaliza safari hiyo kwa dakika 161. Inayokwenda 230 huimaliza kwa dakika 91, na inayokwenda 315 kwa dakika 67. Zirudie namba hizo polepole. Kilomita 100 za kwanza za mwendo zimetuokolea dakika 70. Kilomita 85 zilizofuata zimetuokolea dakika 24 tu.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mabishano karibu yote ninayoyasikia kuhusu ndege za kujiundia, zile zinazouzwa vipandevipande na mnunuzi akaziunganisha mwenyewe, huishia kwenye kambi mbili. Kuna wanaotaka ndege ya kuruka kutoka uwanja wa mpira wa kijiji, hata kama huko juu itatambaa. Na kuna wanaotaka mwendo, wakiamini kwamba kiwanja kitatafutwa baadaye. Pande zote mbili zina watu makini, na nimejifunza mengi kwao. Lakini magharibi ya Tanzania ina masafa marefu, viwanja vichache vya lami, miombo isiyokatika na joto la Oktoba, na mambo hayo manne yakikutana, jibu haliko kwenye ncha yoyote kati ya hizo.

Tuchukue ndege mbili zinazowakilisha ncha zenyewe. Moja ni STOL CH 701 (STOL ni kifupi cha Kiingereza cha kupaa na kutua kwa umbali mfupi) ya kampuni ya Zenith, iliyobuniwa na Chris Heintz mwaka 1986. Nyingine ni RV-7 ya Van's Aircraft, kampuni ya Oregon iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven. Ndege za kampuni hiyo zaidi ya 11,000 zimeshaundwa na watu binafsi zikaruka. Zote mbili ni za alumini. Zote hubeba watu wawili. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba eneo la mabawa yao linakaribia kuwa sawa kabisa, mita za mraba 11 na ushee kila moja. Tofauti iko kwenye mzigo. 701 ikijaa ina kilo 499, RV-7 ikijaa ina kilo 816. Kila mita ya mraba ya bawa la 701 inabeba kilo 44. Ya RV-7 inabeba kilo 73.

Kila ndege ina mwendo wa chini kabisa ambao mabawa bado yanaibeba. Ukishuka chini ya hapo hewa inabanduka juu ya bawa na ndege inaporomoka. Rubani anapokuja kutua huja kwa mwendo uliozidi huo kidogo, kwa kawaida mara 1.3 yake, kwa hiyo huo ndio unaoamua atahitaji kiwanja kirefu kiasi gani. Kwa RV-7 iliyojaa, mwendo wa kuporomoka ni karibu kilomita 93 kwa saa. Kwa 701, vipeperushi vinasema 48.

Hiyo 48 naipokea kwa tahadhari. Watengenezaji wenyewe wanasema kipimo cha juu kabisa cha unyanyuzi wa bawa lao ni 3.1, ambacho ni kikubwa sana. Chukua kilo 499, bawa hilo na hewa ya usawa wa bahari, uviweke kwenye kanuni ya unyanyuzi ambayo kila mwanafunzi wa urubani huikariri: jibu ni 54, si 48. Inawezekana kufika 48 ndege ikiwa nyepesi na propela ikiendelea kuvuta, na kipima mwendo nacho husoma pungufu pua inapokuwa juu sana. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba anayepanga kutua kwenye kiwanja cha mita 150 akiwa na abiria na begi asiitumie 48. Mimi nitatumia 54 hapa chini, na hata hiyo ni pungufu ajabu kwa ndege yenye bawa dogo kiasi hicho.

Siri ya 701 iko kwenye slati, yaani kibao kirefu kilichofungwa mbele ya bawa huku kikiacha upenyo. Hewa inapita kwenye upenyo huo kwa kasi na kulilazimisha tabaka la juu kuendelea kulishikilia bawa hata pua ikiwa imeelekezwa angani kama jogoo anayewika. Nyuma ya bawa kuna flapu, yaani vibao vya kushushwa ili kuongeza unyanyuzi, zilizoning'inia nje ya bawa lenyewe, mtindo uliotoka kwa Mjerumani Junkers. Vitu hivi viwili vinafanya kazi nzuri mno wakati wa kupaa na kutua. Lakini slati ya 701 haikunjiki. Iko pale dakika zote 161 za safari ya Kigoma, ikikokota hewa. Wapo walioamua kuing'oa: watengenezaji wa Savannah ya Italia, ndege inayofanana sana na 701, walitoa toleo lisilo na slati, lenye vijibati vidogo vilivyopangwa juu ya bawa kuichangamsha hewa, na ndege ikaongeza mwendo kwa hasara ndogo upande wa kutua. SuperSTOL ya Just Aircraft ilichukua njia nyingine, ileile ya Helio Courier ya zamani ambayo wamisionari waliipenda: slati inayotoka yenyewe mwendo ukipungua na kurudi yenyewe mwendo ukiongezeka. Ni ufundi mzuri sana, ingawa SuperSTOL ina matairi makubwa na miguu mirefu inayokokota hewa vilevile, kwa hiyo bado haiwi ndege ya safari.

Wengine hunijibu kwamba dawa ni injini kubwa. Hapana. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukitaka kwenda mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Ichukue 701 yenye injini ya nguvu za farasi 100, uifunge ya farasi 180 kama ya RV-7. Hata tukisahau kwamba fremu yake haikuundwa kwa mzigo huo, mwendo wake ungepanda kutoka 129 hadi 157 hivi. RV-7 yenye farasi hizohizo inapita 300. Mwendo wa RV unatokana na umbo: bawa fupi na jembamba, ribiti, yaani misumari ya kuungia bati, zilizozamishwa zikawa sawa na bati, magurudumu yaliyovikwa vifuniko, kila kona iliyolainishwa. Huwezi kuununua baadaye kama kifaa cha ziada.

Sasa turudi kwenye ardhi, maana hapo ndipo mwendo hulipiwa. Ndege inapotua, nishati inayopaswa kumalizwa na breki na nyasi hupanda kwa mraba wa mwendo. Kama 701 kwa 54 inadai fungu moja la kiwanja, ndege ya 75 inadai karibu mafungu mawili, na RV-7 kwa 93 inadai matatu. Hiyo ya 75 sijaitaja ovyo. Ni mwendo wa Rans S-21 Outbound, ndege nyingine ya kujiundia, yenye injini ya farasi 180: bawa juu, watu wawili na mizigo ya kutosha nyuma yao, mwendo wa safari takriban 230, mwendo wa kuporomoka takriban 75.

Linganisha sasa. Kutoka 701 kwenda S-21 unalipa fungu moja la ziada la ardhi na kupata dakika 70. Kutoka S-21 kwenda RV-7 unalipa fungu jingine, kubwa kidogo kuliko lile la kwanza, na kupata dakika 24. Bei ni ileile, bidhaa ni theluthi. Muda hupungua kwa kugawanya na ardhi huongezeka kwa mraba, kwa hiyo kila kilomita mpya ya mwendo ina faida ndogo kuliko iliyotangulia na gharama kubwa kuliko iliyotangulia. Hoja yangu nzima iko hapo, na sijaona mchoro wa matangazo unaoionyesha.

Upepo unaizidisha hoja hiyo. Wakati wa kiangazi upepo wa huku hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, maana yake anayetoka Kigoma kurudi Tabora anaupokea usoni. Upepo wa kilomita 30 kwa saa si wa ajabu. RV-7 itachelewa dakika 7. S-21 itachelewa 14. 701 itabaki na mwendo wa kilomita 100 juu ya ardhi, na safari itakuwa saa tatu na nusu. Matangi yake ya kawaida hubeba lita 75 hivi, na injini yake ya Rotax ya farasi 100 hunywa karibu lita 18 kwa saa. Ni saa nne na dakika chache. Dakika 40 za akiba juu ya msitu kati ya Malagarasi na Urambo ni akiba ambayo mimi singeondoka nayo.

Na Tabora yenyewe ina jambo lake. Uwanja uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyembamba kiasi kwamba ndege inajiona iko zaidi ya mita 2,000. Injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Bawa nalo linahitaji mwendo halisi zaidi kwa asilimia 10 hivi ili libebe uzito uleule, ingawa kipima mwendo hakitakuonyesha hilo. Ukijumlisha yote, mbio za kupaa huongezeka kwa nusu ya zile za kipeperushi, na mara nyingi zaidi. Kigoma, karibu mita 820 kando ya ziwa, kuna nafuu, lakini kwa nyuzi 30 bado ndege inajiona iko zaidi ya mita 1,500.

Ndiyo maana injini ya Rotax 915 iS yenye turbo inanivutia sana. Ina farasi 141 na inazihifadhi hadi futi 15,000. Sling TSi ya Afrika Kusini inaitumia, na ni ndege ya watu wanne inayosafiri karibu kilomita 270 kwa saa. Ndugu yake mkubwa ni Sling 4, na moja iliundwa na vijana wa Afrika Kusini walio bado shuleni, wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 2019 na kupita hata Tanzania. Kwa bara letu huo ni ushahidi mzito kuliko jedwali lolote. Kinachonizuia kuichagua TSi kwa viwanja vya vijijini ni bawa lake la chini na magurudumu madogo. Toleo la bawa la juu lilikuja baadaye, na hilo ndilo ningeliangalia kwanza.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa RV wana haki ya kulisikia. Kwa urefu wa kiwanja peke yake, RV-7 si mlafi. Van's wanaandika mbio za kupaa zisizofika mita 200 ikiwa imejaa, na wanaozimiliki wanathibitisha kwamba ndege hizi zinatua kwa muda mfupi ajabu kwa mwendo zilizo nao. Kama safari zako ni Tabora kwenda Dar es Salaam, kilomita 730 hivi, lami kwa lami, RV-7 inakufikisha kwa saa 2 na dakika 19, na S-21 kwa saa 3 na dakika 10. Dakika 51 si kidogo. Mtu wa namna hiyo anunue RV, na nitampongeza.

Lakini kiwanja kifupi huku kwetu si urefu tu. Ni vichuguu vilivyosawazishwa nusu, mashimo ya wanyama, udongo mweusi wa mbuga unaogeuka uji mvua za Novemba zikianza. RV zenye gurudumu la mbele zinajulikana kwa tatizo la mguu huo kukunjika kwenye ardhi ya matuta, na ndege ikapinduka. Zenye gurudumu la mkia zina nafuu, ila propela bado iko karibu na nyasi na vifuniko vya magurudumu lazima uving'oe, na ukiving'oa unarudisha sehemu ya mwendo ulioununua. Kuna pia miti. Vitabu vya ndege hupima umbali wa kupaa hadi kuvuka kizuizi cha futi 50, yaani mita 15. Huo ni urefu wa mti wa kawaida wa miombo. Kila kiwanja cha kijijini mkoani Tabora au Kigoma kina kizuizi hicho pande zote mbili, kwa hiyo umbali wa mbio pekee, ule unaopendwa na matangazo, hauna kazi kwetu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nishikilie mwendo mdogo wa kuporomoka, na hii naiona nzito kuliko zote. Injini ikizima katikati ya njia, chini yako kuna miombo au bwawa la Malagarasi. Hutachagua kiwanja, utachagua kati ya miti na matope. Mafungu yale ya moja, mawili na matatu ndiyo hayohayo yanayopima pigo litakalompata kila aliye ndani. Ndege ya 93 inagonga kwa nishati mara tatu ya ile ya 54, kwa kila kilo ya mwili wako. Nimemsikia kijana mmoja akisema injini za siku hizi hazizimi. Injini inayotegemea petroli iliyobebwa kwenye dumu inaweza kuzima wakati wowote.

Tukija kwenye petroli, petroli maalumu ya ndege haipatikani kila mahali, ilhali petroli ya gari iko hadi Urambo, Uvinza na Kasulu. Rotax 912 na 915 zinaikubali zikipewa oktani inayotakiwa. Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya ndege mbili zinazolingana kwa yote, moja inanywa ya gari na nyingine ya ndege pekee, sitafikiri mara mbili. S-21 inaweza kufungwa Rotax pia. Utapoteza mwendo kiasi, na kwa hesabu ya dakika niliyoanza nayo, hasara hiyo inavumilika.

Kuhusu kuunda chombo kilichokuja vipandevipande, Kigoma haina la kujifunza kutoka kwa mtu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari, kwa reli na kwa mabega ya watu, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wabelgiji nao walifikisha ng'ambo ya ziwa ndege zao za kutua majini aina ya Short, nazo kwa vipande, wakaziunganisha huko na kuja kuishambulia Kigoma. Kwa hiyo makontena mawili ya alumini kwenye reli ya kati si ndoto ya mchana.

Kinachobaki ni aina ya kazi. 701 huungwa kwa ribiti za kuvuta, ambazo mtu mmoja mwenye drili na mkono mtulivu anaziweza, na watu wengi humaliza kwa saa mia kadhaa. RV-7 hutumia ribiti za kugonga, mmoja akigonga huku mwingine ameshika chuma upande wa pili, na kazi yake huhesabiwa kwa saa zaidi ya 1,500. Fundi bodi mzuri wa Tabora ataweza kuunga bati la alumini akielekezwa vizuri. Ganda la nyuzi na gundi, kama la Sportsman ya Glasair, linahitaji joto lililodhibitiwa na gundi ambayo haijaiva kwenye kontena, kwa hiyo ingawa Sportsman iko kwenye kundi hilohilo la kati ninalolipenda, huku singeishauri. Na kabla ya kutuma hata shilingi, mtu aende Mamlaka ya Usafiri wa Anga akaulize kwa maandishi masharti ya kusajili ndege ya kujiundia, akijua kwamba nchi nyingi haziruhusu ndege ya namna hiyo kubeba abiria wa kulipa.

Mwezi uliopita nilikwenda na rafiki yangu, fundi wa magari mwenye mapenzi makubwa na RV-7, kupima kiwanja cha nyasi cha zamani upande wa Uvinza. Kwa hatua tulipata mita 520, naye akafurahi. Kisha tukatoa mita 90 za mwisho wa magharibi, ambako tulichomeka fimbo na ikazama hadi nusu. Tukatoa 120 nyingine upande wa mashariki kwa sababu ya mwembe mkubwa unaosimama pembeni mwa njia ya kupaa. Zikabaki 310. Kwa saa saba mchana, nyasi zikiwa za kifundo cha mguu, hesabu yangu ilionyesha RV-7 ingetua pale vizuri na isingeondoka na watu wawili. S-21 ingeondoka na watu wawili na madumu mawili ya asali. Rafiki yangu aliirudia hesabu mara mbili kwa kalamu yake mwenyewe, kisha akamwendea mwenye shamba kumuuliza habari za mwembe. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema nyasi tufyeke tupendavyo, hata vichuguu tuvisawazishe, ila mwembe ule ulipandwa na baba yake na haukatwi. Kwa hiyo tunafanya kazi na mita 310.